Kwa nini Superman hakumkamata Hitler: kuusoma upya mfululizo wa All-Star Squadron

Tarehe 27 Februari 1940 jarida la Look la Marekani lilichapisha kurasa mbili za katuni za Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliombuni Superman. Kisa chake ni kifupi. Superman anavunja ngome za Wajerumani mpakani, anamkwida Hitler ukosi, anapitia Moscow kumchukua Stalin, kisha anawashusha wote wawili Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa ili wahukumiwe. Vita vimekwisha. Das Schwarze Korps, gazeti la kikosi cha SS, lilijibu kwa matusi tarehe 25 Aprili mwaka huohuo.

Kurasa zile mbili ziliacha deni. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, kila mtoto aliyesoma katuni angeweza kuuliza: kama mtu mmoja anaweza kumaliza vita asubuhi moja, kaka yangu anapelekwa kufa kwa nini? Mwaka 1942 katuni ya Superman ya magazetini ilijaribu kulikwepa swali. Clark Kent, ambaye ndiye Superman akiwa katika nguo za raia, anakwenda kupimwa ili ajiunge na jeshi, anababaika, macho yake yanapenya ukuta, anasoma herufi za chumba cha pili, na daktari anamwandika kuwa hafai. Jibu hilo lilimwondoa Clark Kent jeshini, lakini halikueleza kwa nini Superman mwenyewe hakuruka hadi Berlin.

Aliyelibeba swali hilo kwa uzito, karibu miaka 40 baadaye, ni mwandishi wa katuni Roy Thomas. Alizaliwa Missouri mwaka 1940, akakulia mikononi mwa katuni za vita. Mwaka 1981, akiwa ametoka kampuni ya Marvel kwenda kwa mpinzani wake DC, wachapishaji wa Superman, alianzisha mfululizo wa katuni wa All-Star Squadron. Mfululizo huo ulitoka kila mwezi, toleo la 1 likiwa na tarehe ya Septemba 1981 na toleo la 67, la mwisho, tarehe ya Machi 1987. Ongeza matoleo makubwa ya mwaka matatu, ya 1982, 1983 na 1984. Ongeza pia kijitabu cha utangulizi kilichobanwa katikati ya jarida jingine la DC, Justice League of America toleo la 193. Mchoraji wa kwanza alikuwa Rich Buckler, na aliyepaka wino juu ya penseli yake ni kijana Jerry Ordway, ambaye baadaye alichora mwenyewe kuanzia toleo la 19.

Wengi hulifungua toleo moja, hukutana na mashujaa 15 wasiowajua pamoja na vijimaelezo vya chini vinavyotaja katuni za 1942, kisha hulifunga. Si kosa lao. Mfululizo huu una kufuli kadhaa, na ni afadhali mtu akabidhiwe funguo kabla hajafika mlangoni.

Ufunguo wa kwanza ni dunia mbili. Timu ya kwanza ya mashujaa katika historia ya katuni za Marekani ni Justice Society of America, iliyotokea All-Star Comics toleo la 3, majira ya baridi ya 1940 kuelekea 1941, kwa kalamu ya Gardner Fox. Ndani yake walikuwamo Flash, Green Lantern, Hawkman, Doctor Fate, Spectre, Sandman, Atom na Hour-Man. Timu hiyo iliisha mwaka 1951, jarida lilipogeuzwa kuwa la wachunga ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1950 DC ikaanza kumuunda upya shujaa mmoja mmoja: Flash mpya, Green Lantern mpya, wenye majina mengine na sare nyingine. Je, wale wa zamani walikwenda wapi? Septemba 1961, katika The Flash toleo la 123, Fox na mchoraji Carmine Infantino walijibu kwamba wapo, ila katika dunia nyingine iliyo sambamba na hii. Dunia hiyo ikaitwa Dunia ya Pili, ingawa mashujaa wake ndio waliotangulia. Huko Superman na Batman walianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1930, walipigana vita, walizeeka, waliota mvi. All-Star Squadron yote inatokea katika Dunia ya Pili. Ukilishika hili, nusu ya mkanganyiko imeondoka.

Kisa kinaanza saa chache kabla ya shambulio la Pearl Harbor. Per Degaton, mwovu anayesafiri katika wakati, anatumia genge la wahalifu wa miaka ijayo kuwateka wanachama wa Justice Society mmoja baada ya mwingine, ili Marekani ikose ulinzi siku ya shambulio. Rais Roosevelt, akiona timu yake haipatikani, anawaagiza wachache waliobaki wakusanye kila shujaa aliyepo nchini kuwa kikosi kimoja chini ya amri yake. Hilo ndilo jeshi linaloupa mfululizo jina lake.

Sasa tazama fundi anavyofanya kazi. Katika katuni za asili, Justice Society ilikutana na Degaton kwa mara ya kwanza mwaka 1947, All-Star Comics toleo la 35. Mtu akikutana naye 1941, basi 1947 atamtambua, na kisa cha zamani kitaharibika. Thomas hakukigusa kisa cha zamani hata neno. Alitumia kanuni iliyokuwa tayari ndani yake: njama ya Degaton ikivunjwa, wakati hujirudi, na waliohusika husahau kila kitu. Kwa hiyo mashujaa wanashinda, kisha kumbukumbu inawatoka. Msomaji wa 1981 anajua kilichotokea, wao hawajui. Kisa cha 1947 kimebaki kizima.

Mtindo huo wa kupachika tukio jipya katika historia iliyokwisha kuandikwa, bila kuifuta, leo unajulikana kwa mashabiki kama retikoni, na neno lenyewe limeenea hadi kwenye filamu na tamthilia. Ni katika ukurasa wa barua za wasomaji wa All-Star Squadron toleo la 18, Februari 1983, ndipo Thomas alipoliandika kwa urefu wake, retroactive continuity, yaani mwendelezo unaorudi nyuma, akieleza kwamba alilipata kwa shabiki mmoja. Thomas aliipenda zaidi ile aina inayoongeza bila kubomoa. Siku hizi wengi hulitumia neno hilo kwa aina inayofuta, na hapo ndipo watu huichukia kazi hii kabla hawajaisoma.

Na lile deni la 1940? Jibu liko toleo la 4, Desemba 1981, na ndilo toleo ambalo ningempa mtu kwanza kabisa. Mashujaa wamepandwa na hasira ya Pearl Harbor, wanaruka juu ya Pasifiki kwenda kuimaliza Japani wenyewe. Wanapovuka mstari fulani usioonekana, wale wenye nguvu kubwa zaidi wanageukia wenzao na kuanza kuwashambulia. Sababu inaelezwa papo hapo. Hitler anao Mkuki wa Majaaliwa, ule unaosimuliwa kuwa ulimchoma Yesu ubavuni, na Wajapani wanacho Kikombe Kitakatifu. Mwanasayansi aitwaye Dragon King ameunganisha nguvu za vitu hivyo viwili kuwa kuba linalofunika maeneo yote yaliyo chini ya Ujerumani na Japani. Shujaa yeyote ambaye nguvu zake ni za kichawi, au ambaye uchawi unaweza kumdhuru, akiingia humo anakuwa mtumwa wa adui. Superman hana kinga dhidi ya uchawi. Green Lantern, Spectre na Doctor Fate nguvu zao ndizo uchawi wenyewe. Wote hao wamefungiwa nje, na mzigo unabaki kwa askari wa kawaida na mashujaa wadogo.

Mtu anaweza kusema ni kisingizio. Ni kisingizio, lakini kina sheria, na Thomas aliziheshimu sheria zake. Katika matoleo ya 36 na 37 Captain Marvel, ambaye nguvu zake zote ni za kichawi, anaangukia mikononi mwa Hitler na kutumwa kuishambulia London, na Superman analazimika kupigana na mtu anayeweza kumuumiza kwelikweli. Mwaka 1986, katika toleo maalumu la Last Days of the Justice Society, mkuki uleule unarudi mikononi mwa Hitler mwaka 1945, naye anautumia kujaribu kuiteketeza dunia. Kilichoanza kama kiraka kimekuwa nguzo ya nyumba.

Ufunguo wa pili ni kalenda. Ukisoma mfululizo huu unatembea na tarehe tatu kwa pamoja: tarehe ya jalada, tarehe ya ndani ya kisa, na tarehe ya katuni ya asili inayorejelewa. Tarehe ya jalada nayo si siku kitabu kilipouzwa. Kwa kawaida kilikuwa dukani miezi miwili au mitatu kabla. Ndani ya kisa wakati unakwenda polepole mno: miaka mitano ya kuchapisha inakutoa Desemba 1941 na kukufikisha majira ya kuchipua ya 1942 tu. Tarehe ya tatu ndiyo inayochanganya zaidi. Robotman alichapishwa mara ya kwanza Star Spangled Comics toleo la 7, Aprili 1942, lakini hapa yupo kazini tangu Desemba 1941. Liberty Belle alitokea Boy Commandos toleo la 1, majira ya baridi ya 1942 kuelekea 1943, naye pia yupo tangu siku ya kwanza. Kwa Thomas, tarehe ya kuchapishwa ilikuwa siku dunia ilipokisikia kisa. Shujaa mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kazi. Chukua daftari, piga mistari ya safu tatu, na kila unapofunga toleo andika tarehe hizo. Ukifika toleo la 10 utaona jinsi visa vinavyoshikana, na yale maelezo ya chini yatageuka kutoka kero hadi raha.

Uamuzi bora wa Thomas ulikuwa kuwaweka mbele wale ambao 1942 walikuwa wa kurasa za nyuma. Johnny Quick hapati mbio zake kwa ajali ya maabara. Anatamka fomula, 3X2(9YZ)4A, na mwili unaitika. Liberty Belle anapata nguvu kengele ya Uhuru ya Philadelphia inapolia. Robotman ni Robert Crane, mwanasayansi ambaye ubongo wake umewekwa ndani ya mwili wa chuma, na kila mazungumzo naye yana huzuni kidogo pembeni. Firebrand ni mfano mzuri zaidi. Wa asili alikuwa mwanamume, Rod Reilly, wa Police Comics toleo la 1, Agosti 1941. Thomas anamjeruhi Pearl Harbor, kisha anampa dada yake Danette sare na jina, na huyo ndiye anayekua mbele ya macho yetu. Makao ya kikosi yako ndani ya Perisphere, ile tufe nyeupe ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939. Tufe halisi ilibomolewa baada ya maonyesho na chuma chake kikaenda kwenye silaha; katika Dunia ya Pili imesalimika.

Kuna sehemu moja ambayo haistahili kupitwa haraka, nayo ni matoleo ya 38 hadi 40, Oktoba hadi Desemba 1984. Kwanza msingi wake wa kweli. Serikali ya Marekani ilijenga Detroit nyumba za wafanyakazi weusi wa viwanda vya vita, zikapewa jina la Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa mtumwa akawa mpiganiaji wa uhuru. Tarehe 28 Februari 1942 familia za kwanza zilipokwenda kuhamia, umati wa wazungu uliziba njia kwa mawe na marungu, na waliokamatwa kwa wingi na polisi walikuwa weusi. Familia ziliingia mwishoni mwa Aprili zikilindwa na polisi na wanajeshi. Katuni za 1942 hazikuwa na nafasi ya jambo hili. Mashujaa wake walipigana na majasusi wa Kijerumani, na watu weusi walichorwa kwa dhihaka ambayo leo huwezi kuitazama bila kuona haya. Thomas alimleta Will Everett, Amazing-Man, katika toleo la 23, Julai 1983: mwanariadha mweusi aliyeshindana Berlin 1936, akarudi nyumbani akaishia kufagia, na ambaye mwili wake hugeuka kuwa chochote anachokigusa, kiwe chuma, jiwe au kioo. Kisha akampeleka Detroit. Adui wa visa hivyo anajiita Real American, yaani Mmarekani Halisi, na hatoki Berlin wala Tokyo. Wenzake Everett wanalazimika kuchagua watasimama wapi katika mtaa wa nchi yao wenyewe. Maandishi ni mengi kupita kiasi, hotuba zimezidi, lakini ni sehemu ambayo mfululizo unafanya kile ambacho chanzo chake hakikuthubutu.

Tsunami, mhusika mwingine wa mfululizo huu, mwanamke Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, ametoka katika jeraha la aina hiyohiyo. Amri namba 9066 ya Roosevelt, ya tarehe 19 Februari 1942, ilisababisha watu wapatao 120,000 wa asili yake kuhamishiwa kambini. Anaanza upande wa adui kwa uchungu wa ubaguzi, na safari yake ya kurudi si ya siku moja.

Hata hivyo, vita vya katuni hizi ni vya Marekani, na kidogo London. Msomaji ambaye babu yake alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, akapelekwa Madagaska 1942 au bonde la Kabaw, Burma, 1944 pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, asitarajie kumkuta humo.

Ukifika toleo la 14, simama. Kisa kinaruka kati ya majarida mawili, na anayesoma moja tu hupotea kabisa. Mpangilio ni huu: Justice League of America la 207, All-Star Squadron la 14, Justice League la 208, All-Star la 15, kisha Justice League la 209. Degaton amerudi, na safari hii ameiba makombora ya nyuklia ya Cuba, Oktoba 1962, kutoka katika dunia ambayo haina mashujaa, yaani kama hii yetu, akayapeleka 1942. Soma matano mfululizo, ikiwezekana kwa kikao kimoja.

Kisha likaja lililouvunja mfululizo. Mwaka 1985 DC ilianza Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez, kwa lengo la kuunganisha dunia zote kuwa moja ili wasomaji wapya wasichanganyikiwe. Kwa majarida mengine ilikuwa kubadilisha mapazia. Kwa All-Star Squadron ilikuwa kuondolewa msingi, maana dunia ikiwa moja, Superman mmoja, naye ameanza kazi katika miaka ya 1980, basi 1942 hakukuwa na Superman, wala Batman, wala Wonder Woman. Toleo la 60, Agosti 1986, linaonyesha hilo kwa picha ya pamoja ya kikosi. Katika nakala ya kwanza wote wamesimama, wamebanana, wanatabasamu. Baadaye picha ileile inatazamwa tena, na walipokuwa Superman, Batman, Wonder Woman na wengine pamebaki mapengo. Hakuna aliye hai anayekumbuka kuwa kuna mtu hapo. Ni ukurasa wa kimya, na ninauona kuwa wenye nguvu kuliko mapigano yote ya mwaka ule.

Matoleo ya 61 hadi 67 baada ya hapo, kwa sehemu kubwa, ni visa vya jinsi shujaa mmoja mmoja alivyoanza, kazi ya kujaza nafasi wakati mpango mpya unasukwa. Unaweza kuyaacha. Mpango wenyewe ulikuwa Young All-Stars, matoleo 31, 1987 hadi 1989, ambamo Thomas aliziba mapengo kwa watu wengine: Iron Munro mahali pa Superman, Flying Fox mahali pa Batman, Neptune Perkins mahali pa Aquaman, na Fury mahali pa Wonder Woman. Huyu Fury anaonyesha vizuri jinsi uzi mmoja ukikatwa unavyofumua nguo. Katika jarida dada la Infinity, Inc., lililozaliwa kutoka All-Star toleo la 25, alikuwapo binti aitwaye Lyta Trevor, mtoto wa Wonder Woman wa Dunia ya Pili. Mama amefutwa, binti yupo kazini na hadithi yake inaendelea. Ilibidi abuniwe mama mwingine, Helena Kosmatos, ambaye ndiye huyo Fury, arudishwe 1942, apewe nguvu, ndipo mtoto awe na mahali pa kutoka.

Kwa anayetaka kuanza leo: kijitabu cha utangulizi, kisha toleo la 1 hadi la 4; ruka hadi la 7, ambapo Churchill yuko Ikulu ya Marekani Krismasi ya 1941 na muuaji yuko njiani; kile kisa cha matoleo matano; la 19 na la 20, Ordway akiwa ameshika penseli; la 36 hadi la 40; na la 60. Kama yatakuingia, rudi ujaze katikati. Mwaka 2012 DC ilitoa kitabu kinene kisicho na rangi chenye toleo la 1 hadi la 18. Karatasi yake ni duni, lakini wino wa Ordway unaonekana vizuri kuliko ulivyoonekana chini ya rangi za 1981.

Ukitafuta nakala za zamani, seti kamili pamoja na utangulizi na matoleo matatu ya Justice League ni vitabu 74. Mengi hayana bei kubwa. Yanayopanda ni la 25, kwa sababu ya Infinity, Inc., na la 47, Julai 1985, kwa sababu lilichorwa na Todd McFarlane kabla hajapata jina. Kwa Justice League la 193 mwombe muuzaji picha ya katikati ya kitabu, kwa kuwa kijitabu kile hutolewa, na jalada peke yake halikuambii kama kipo. Tazama pini pia. Karatasi ya magazeti ina asidi, hugeuka kahawia yenyewe hata ikitunzwa, lakini pini ikishika kutu doa husambaa hadi kwenye mchoro. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, hewa ya bahari ndiyo adui mkubwa. Kila kitabu kiwe ndani ya mfuko wake wa plastiki pamoja na ubao usio na asidi, kisimamishwe wima sandukuni, mbali na ukuta wa nje na jua la dirishani. Mfuko ukianza kuwa wa njano, ubadilishe bila kungoja.